Ini la Mtu Asiyekunywa Pombe

Mafundisho ya afya, ya kusomwa nyumbani na kuzungumzwa katika vikundi

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya ugonjwa mmoja ambao wazee wetu hawakuujua kwa jina, lakini siku hizi hutajwa mara kwa mara katika hospitali zetu. Huitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta. Wataalamu wakadiriao hali ya afya ulimwenguni husema kwamba katika kila watu wazima 10, kama 3 wanao ugonjwa huu, na walio wengi hawajui kwamba wanao.

Twaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa huu ukitambuliwa mapema waweza kurudishwa nyuma, tena kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa nyumba nyingi. Ya pili, ugonjwa huu huwavunjia heshima watu wasio na hatia. Mzee wa kanisa, au mama asiyeonja pombe hata siku moja, aambiwapo hospitalini kwamba ini lake limeharibika, maneno huanza kupita: "Kumbe alikuwa akinywa kwa siri!" Naye mgonjwa akiisha kuyasikia maneno hayo huona haya. Harudi tena kwa daktari, au hukimbilia kwa wauzao dawa za kusafisha ini. Hivyo ulimi wa jirani huweza kumdhuru kuliko mafuta yenyewe. Basi tuyaangalie mambo haya kwa utaratibu.

1. Kazi ya ini

Ini hukaa upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Katika mtu mzima uzito wake ni kama kilo 1.5, nalo ni kubwa kuliko viungo vyote vilivyo ndani ya mwili. Twaweza kulifananisha na ghala la kijiji lenye karani mwaminifu. Sehemu kubwa ya chakula tulacho, kikiisha kusagwa, huingia katika damu na kupita kwanza katika ini. Hapo karani huamua: hiki kitumike leo, hiki kiwekwe akiba, hiki ni sumu, kitolewe nje.

Ini huweka akiba ya sukari na kuitoa mtu anapofunga au anapolala. Hutengeneza nyongo, isaidiayo kuyeyusha mafuta ya chakula. Hutengeneza vitu vya kugandisha damu, ili mtu akijikata jeraha lisitoke damu bila kukoma. Huvunjavunja dawa tumezazo na pombe inywewayo. Nalo hufanya kazi hizi zote kwa kimya, usiku na mchana. Kimya hicho ndicho kitudanganyacho, maana ini laweza kuugua miaka mingi pasipo kulalamika.

2. Mafuta huingiaje?

Wengi hudhani kwamba ini hunenepa kwa kula nyama ya mafuta tu, au huharibika kwa pombe tu. Tutoe mfano. Huko Ufaransa pana wafugaji ambao huwalisha mabata na mabata bukini mahindi mengi kwa nguvu, kwa mrija utiwao kooni, kupita kiasi ambacho ndege angekula mwenyewe. Katika muda wa majuma mawili au matatu ini la ndege huvimba likawa kubwa mara kadhaa kuliko la kawaida, na rangi yake hugeuka ya manjano kwa wingi wa mafuta. Watu hulinunua kwa bei kubwa na kulila kama kitoweo cha karamu. Hatuleti habari hii ili tuwasifu wafugaji hao. Twaileta kwa sababu ya fundisho lake: bata yule hakunywa pombe hata tone, na chakula chake kikubwa kilikuwa mahindi. Ini lake mwenyewe ndilo lililoyageuza mahindi kuwa mafuta. Tena wataalamu wameona kwamba ndege akiachwa ale kama desturi yake, ini hurudi katika hali yake ya kwanza. Lishikeni neno hili, maana tutalirudia.

Kwa mwanadamu mambo huenda vivyo hivyo, ila polepole. Kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho hufungua milango ya misuli ili sukari iliyo katika damu iingie na kutumika. Mtu alapo kupita kazi aifanyayo, na mafuta yakalimbikizana hasa tumboni, misuli huanza kuwa kama kiziwi, haiisikii tena insulini. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi. Ini nalo, likipokea sukari nyingi na insulini nyingi pamoja, huzidi kutengeneza mafuta. Na mafuta yaliyohifadhiwa kitamboni nayo humwagika katika damu na kuja kukaa humo humo. Ghala limejaa, na magunia yamewekwa hata mezani pa karani.

Katika vyakula vyote, sukari ya kuongezwa ndiyo iletayo hasara upesi, kwa maana nusu ya sukari ile ni ya namna ambayo karibu yote huchakatwa na ini lenyewe. Na zaidi ikinywewa katika vinywaji, kwa kuwa haishibishi.

3. Ni nani awezaye kuupata?

Madaktari husema mtu ana ini lenye mafuta ikiwa mafuta yameingia katika zaidi ya chembe 5 kwa kila 100 za ini lake. Walio katika hatari zaidi ni hawa:

Wenye kisukari cha ukubwani. Zaidi ya nusu yao wana ini lenye mafuta.
Wenye kitambi, yaani mwanamume ambaye kiuno chake kimepita sentimita 94, na mwanamke aliyepita sentimita 80.
Wenye shinikizo la damu.
Wenye mafuta mengi katika damu.
Wale ambao wazazi wao au ndugu zao wa damu wanao ugonjwa huu, kwa kuwa wako watu waliorithi mwili uwekao mafuta inini upesi.

Lakini msifikiri kwamba mtu mwembamba hawezi kuupata. Huweza, ijapokuwa kwa uchache. Hata watoto hupata, hasa walelewao kwa soda, biskuti na chipsi. Wala kitambi si alama ya baraka, kama wengi wetu walivyozoea kusema wakimwona mtu aliyenenepa baada ya kupata cheo. Mara nyingi ni alama ya kwanza kwamba ghala limejaa.

4. Ngazi za ugonjwa

Ugonjwa huu una ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni mafuta tu ndani ya ini. Wengi hubaki hapo maisha yao yote. Ngazi ya pili, mafuta huleta uvimbe, na chembe za ini huanza kufa. Ngazi ya tatu, mahali pa chembe zilizokufa pana makovu, kama ngozi iliyoungua. Ngazi ya nne, makovu yamelizunguka ini lote, likawa gumu na lenye vinundu. Hali hii huitwa ini kusinyaa, na madaktari huiita sirosisi. Hapo saratani ya ini yaweza kuota.

Kutoka ngazi hata ngazi huchukua miaka mingi, na katika ngazi za kwanza mgonjwa hana dalili. Wengine huona uchovu, au uzito fulani upande wa kuume chini ya mbavu. Lakini mtu akiona macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, anatapika damu, au choo chake ni cheusi kama lami, au akili inachanganyika, asingoje hata kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Tena yafaa tujue jambo hili: walio wengi wenye ini la mafuta hawafi kwa ini, bali kwa moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu atunzaye ini lake huutunza na moyo wake.

5. Juu ya jina, na juu ya hukumu

Mwaka 1980 daktari Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, huko Rochester katika Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20. Vipande vidogo vya ini la wagonjwa hao, vilipotazamwa kwa darubini, vilifanana kabisa na ini la mlevi. Lakini watu hao hawakuwa walevi. Ugonjwa haukuwa na jina, basi madaktari wakaupa jina lenye maana ya uvimbe wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe. Ilibidi ugonjwa uitwe kwa kitu ambacho mgonjwa hakukifanya, kwa sababu kila mtu alikuwa akidhani kwamba amekifanya.

Hata mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya nchi nyingi vilikubaliana kuubadili jina. Jina jipya lataja hitilafu katika jinsi mwili utumiavyo chakula, wala halitaji tena pombe. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba majina ya zamani yaliwaaibisha wagonjwa.

Ikiwa madaktari wameona ni vema kubadili jina ili mgonjwa asiaibishwe, sisi tulio ndugu katika usharika mmoja yatupasaje? Twakumbuka swali la wanafunzi juu ya mtu yule aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na jinsi Bwana alivyokataa kulijibu kwa namna waliyoitaka. Twaikumbuka pia amri ya nane, tuliyojifunza sote tangu kipaimara. Kumshuhudia jirani uongo si jambo la mahakamani tu. Hufanyika kisimani na njiani, tena kwa sauti ya chini.

Lakini twaongeza maneno mawili. La kwanza: anywaye pombe naye akiugua ini asinyimwe huruma, wala asiambiwe kwamba amestahili. La pili: daktari akikuuliza, "Je, wanywa pombe? Kiasi gani?" mjibu kweli tupu. Yeye haulizi ili akutie katika adabu ya kanisa. Auliza ili ajue njia ya kukutibu. Mtu awezaye kuwa na mafuta kwa sababu zote mbili, chakula na pombe, ahitaji kusaidiwa katika mambo yote mawili.

6. Namna ya kupimwa

Mara nyingi ugonjwa huonekana kwa bahati, mtu apigwapo picha ya altrasaundi kwa sababu nyingine, na ini likaonekana jeupe kupita kiasi. Picha hiyo huyaona mafuta yakiwa mengi. Yakiwa machache huweza kukosa kuyaona. Vipimo vya damu vya ini navyo huweza kuwa vya kawaida hali ugonjwa upo. Kwa hiyo daktari huvitazama vyote pamoja, na hupima pia homa ya ini ya B na C, sukari, mafuta ya damu, na shinikizo la damu.

Swali kubwa si kwamba mafuta yapo, bali kwamba makovu yapo au hayapo. Kiko kipimo kisicho na gharama kubwa, kiitwacho FIB-4. Daktari huchukua umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini vilivyomo katika damu, na hesabu ya chembe sahani, akafanya hesabu. Jibu likiwa chini ya 1.3, hofu ya makovu makubwa ni ndogo. Kwa waliopita miaka 65 mpaka huo ni 2. Likizidi 2.67, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. Ninyi mlioambiwa kwamba mna ini lenye mafuta, ulizeni kwa adabu: "Daktari, je, makovu yamepimwa?"

7. Matunzo

(a) Kupunguza uzito kidogo kidogo. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na imejaribiwa. Mwaka 2015 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa huko Havana, katika nchi ya Cuba. Wagonjwa 293 wenye uvimbe wa ini walifundishwa kula kwa kiasi na kutembeza miili yao kwa muda wa majuma 52, kisha ini lao likapimwa tena. Katika wale waliopunguza sehemu 10 au zaidi kwa kila 100 ya uzito wao, 9 kati ya 10 uvimbe ulikwisha, na karibu nusu yao hata makovu yalipungua. Waliofika kiasi hicho hawakuwa wengi. Lakini hata waliopunguza sehemu 5 au 7 walipata faida.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4.5, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifika kilo 6.3, uvimbe huanza kutulia. Akifika kilo 9, hata makovu huweza kulegea. Akipunguza nusu kilo kwa juma, kazi yote ni ya majuma 18. Asifanye haraka kuliko kilo moja kwa juma, wala asijinyime chakula siku nyingi mfululizo, maana kukonda kwa ghafula huweza kulidhuru ini. Mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula au kufunga.

(b) Sukari. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tupatazo kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku, na ikipungua hata gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilicho sawasawa kina kama gramu 4. Basi anywaye vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kula gramu 48 kabla hajagusa andazi. Akiongeza chupa moja ya soda ya mililita 350, amepita gramu 80. Mpunguze kijiko kimoja kila juma. Ulimi hujifunza upesi kuliko mtu adhaniavyo. Na matunda yaliwe yenyewe, yasikamuliwe kuwa maji matamu, maana katika kukamua twatupa makapi yashibishayo.

(c) Sahani. Nusu ya sahani na iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, nyanya chungu. Robo iwe ugali, ndizi, viazi au wali. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, au kuku asiyekaangwa. Ugali wa dona wafaa kuliko wa sembe nyeupe. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka katika dumu. Parachichi ni mafuta mema, lakini nalo liliwe kwa kiasi. Wengi wetu tulikulia chakula hiki. Hatuambiwi tuanze jambo geni, bali turudie lile tuliloliacha tulipopata fedha kidogo.

(d) Kazi ya mwili. Ashikaye jembe tangu asubuhi hahitaji kufundishwa neno hili. Lakini karani, mwalimu, dereva, mshonaji, na mchungaji naye, hukaa kitini siku nzima. Yafaa watembee kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 katika juma. Kazi ya mwili hupunguza mafuta ya ini hata kama mizani haijabadilika, kwa sababu misuli ikifanya kazi huanza kuisikia tena insulini. Mtu aendaye ibadani kwa pikipiki mwendo wa kilometa mbili, na aende kwa miguu.

(e) Kahawa. Katika uchunguzi mwingi, wanywao vikombe 2 au 3 vya kahawa kwa siku walionekana kuwa na makovu machache ya ini. Ni neno la kufurahisha kwa wakulima wetu wa kahawa, ambao wengi huiuza yote na kunywa chai. Lakini inywewe bila sukari, au kwa sukari kidogo sana.

(f) Dawa za hospitali. Kwa miaka mingi haikuwako dawa iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu. Mwezi wa Machi 2024 Marekani iliikubali dawa ya kwanza, resmetiromu, na mwezi wa Agosti 2025 ikaikubali semaglutidi, ambayo ilijulikana kwanza kwa kisukari. Dawa hizi ni kwa wenye makovu ya wastani au makubwa ambao ini lao halijasinyaa, nazo hutolewa pamoja na chakula cha kiasi na kazi ya mwili, wala si badala yake. Bei yake ni kubwa. Lakini asiyeweza kuzipata asikate tamaa, kwa maana dawa ya kwanza tuliyoitaja haiuzwi dukani. Na mwenye kutumia dawa za kisukari, za shinikizo la damu, au za VVU, asiziache kwa hofu ya ini pasipo kuulizana na daktari wake.

(g) Kulikinga ini na adui wengine. Ini lililochoka kwa mafuta lisiongezewe mzigo. Mwenye ugonjwa huu aache pombe kabisa. Apimwe homa ya ini ya B, na kama hana, apate chanjo. Mahindi na karanga zikaushwe vizuri, na zilizoota ukungu zitupwe, maana zaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika Makueni na Kitui. Na mwaka 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500 visizidi 8 kwa siku kwa mtu mzima, na mwenye ini lililosinyaa aulize kwanza. Juu ya majani na unga wauzao watu kwa kusafisha ini, twasema wazi: ini hujisafisha lenyewe, na baadhi ya dawa hizo zenyewe huliharibu.

8. Karamu zetu

Hatuwezi kumaliza bila kusema habari ya meza zetu. Twafurahi kwamba katika sherehe nyingi za ubatizo, kipaimara na arusi pombe haipo. Lakini mahali pake tumeweka makreti ya soda, na mwenyeji ahesabiwa kuwa mkarimu kwa wingi wa chupa na wingi wa vyakula vilivyokaangwa. Mgeni asemaye, "Naomba maji tu," huonekana ameidharau nyumba. Hivyo mgonjwa ajaribuye kulitii neno la daktari huaibishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kudhaniwa mlevi, na mara ya pili kwa kuonekana mwenye kiburi mezani.

Twaona si vigumu kulitengeneza jambo hili. Maji safi na yawekwe mezani pamoja na soda, tena mbele. Pawe na matunda yaliyokatwa, na mboga za kutosha. Kahawa na chai ziletwe bila sukari, na sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Mwenyeji asimshurutishe mgeni kwa maneno ya kumwonea haya. Na wazee wa kanisa wakianza wao kuomba maji, vijana hawataona kwamba ni jambo la aibu.

Basi, ndugu, mmesikia kwamba ini lenye mafuta si ushahidi wa ulevi, wala si hukumu isiyotanguka. Kama tulivyosema juu ya bata, mzigo ukipungua ini hurudi. Mlioambiwa kwamba mnao ugonjwa huu, nendeni mkapimwe makovu, mkaanze na kijiko kimoja cha sukari na mwendo wa nusu saa. Nanyi msioambiwa lolote, pimeni viuno vyenu nyumbani leo kwa utepe wa fundi cherehani, na mtu akitajwa njiani kwamba ni mnywaji wa siri, msilichukue neno hilo mpaka nyumba ya pili.

Maswali ya kuzungumzwa katika vikundi

1. Ini hufanya kazi gani katika mwili? Kwa nini mtu huweza kuugua ini miaka mingi pasipo kujua?
2. Mfano wa bata watufundisha nini juu ya chanzo cha mafuta ya ini?
3. Taja ngazi nne za ugonjwa huu. Ni dalili zipi zimpasazo mtu kwenda hospitali siku ile ile?
4. Hesabu sukari uliyotumia jana, katika chai, uji na vinywaji. Je, ilipita gramu 50?
5. Mtu mwenye kilo 80 apunguze kilo ngapi ili afike sehemu 5 kwa 100? Na sehemu 10 kwa 100? Ni majuma mangapi, akipunguza nusu kilo kila juma?
6. Amri ya nane yatufundisha nini juu ya kumsema mgonjwa? Kikundi chetu kitafanya nini neno la namna hiyo likianza kupita mtaani?
7. Katika sherehe ijayo ya usharika wetu, ni mambo gani mawili tutakayoyabadili mezani?